Wakae pamoja waongee nini? Skizofrenia, ari iliyopotea na hii tiba ya kikundi

Wiki jana kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaani, huku Langoni mjini Lamu, mama mmoja aliuliza swali lake kwa adabu zake zote. Kijana wake ana skizofrenia, anadungwa sindano kila mwezi, zile sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza, hazunguki tena usiku akigombana na kuta za vichochoro, mashallah. Lakini tangu atulie ndo amekuwa kama gunia la mchele, ukiliweka hapa utalikuta hapa. Hatoki. Kuoga mpaka asukumwe. Simu imeisha chaji siku ya tatu wala hana habari nayo. Sasa kliniki wamemwambia awe anamleta kila Jumatano kwenye kikundi, wagonjwa wanane wanakaa na muuguzi wanazungumza, ati ni tiba ya kumrudishia ari. Akauliza, jamani kuna anayekijua kitu hiki?

Bora asingeuliza. Wa kwanza kajibu "wendawazimu wanane wakae pamoja waongee nini?" na vikatuni vitano vya kucheka. Wa pili akasema huyo mvivu tu, apelekwe gatini akabebe mchanga ataamka. Wa tatu, na huyu hakosekani, "mwozesheni atatulia". Wa nne akasema ana jini mzito na hizo sindano zinamlaza jini tu. Mpaka magharibi zilikuwa meseji zaidi ya sitini na hakuna hata moja iliyomjibu yule mama, naye akanyamaza kimya.

Mimi si daktari. Ila nina ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, nampeleka kliniki mwaka wa tisa huu, na kikundi cha namna hiyo nimekikalia pembeni zile siku wanazoita jamaa wa wagonjwa, na kusoma nimesoma maana ukiwa na mgonjwa nyumbani unasoma mpaka karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Nilianza kumjibu kule kule kwenye grupu, jibu likawa refu, nikaona nililete huku.

Tuanze na lenyewe jina. Skizofrenia ni neno lililotungwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kupasuka na moja la akili. Hapo ndo watu wakapotelea, wakafikiri ni mtu mmoja mwenye watu wawili ndani, asubuhi huyu jioni yule. Sivyo. Alichokusudia ni kuwa mawazo, hisia na matendo, vitu vilivyozoea kwenda pamoja, vinaachana mikono. Chukulia jahazi ambalo mwenye usukani anaelekea Shela na mwenye tanga anaelekea Matondoni. Jahazi ni lile lile moja, mabaharia ndo hawasikilizani.

Na si ugonjwa wa ajabu wala wa ukoo fulani. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria watu kama milioni 24 wanao, yaani mtu mmoja katika kila 300 hivi. Sensa ya 2019 iliihesabu kaunti ya Lamu watu 143,920, sasa ukiuchukua huo wastani wa dunia ukauweka hapa kwetu unapata watu kama 480. Ni makisio ya kalamu tu, lakini kumbuka kila mmoja ana mama, ana ndugu, ana jirani. Mara nyingi huanza kwenye ujana, mwisho wa miaka ya kumi na kitu au kwenye ishirini, na wanaume huwahi kidogo. Yaani unampata mtu pale pale alipokuwa amalize shule, atafute kazi, aoe.

Dalili zake madaktari wanazigawa, wanasema kuna dalili chanya na dalili hasi, na mgao huu umewachanganya watu wengi kwa sababu ukisikia chanya unadhani nzuri. Mimi naziita za kuzidi na za kupungua. Za kuzidi ni vitu vilivyoongezeka ambavyo watu wengine hawana: kusikia sauti, kuona jirani amekutegea kamera, kuamini redio inakutaja wewe. Hizi ndo mtaa mzima unaziona, na ndo watu wakisema kichaa wanamaanisha hizi. Za kupungua ni vitu alivyokuwa navyo vikaondoka: hamu, maneno, uso wa kuonyesha furaha, kupenda kukaa na watu. Hizi hazipigi kelele. Mtu amekaa dakani kimya, nani atamwita daktari kwa sababu mtu amekaa kimya? Tena kuna fungu la tatu, kusahau na kushindwa kumakinika, ambalo huzifanya hizi mbili ziwe nzito zaidi.

Sasa hapa ndo fundo lenyewe. Dawa za ugonjwa huu, tangu ile ya kwanza ilipoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952, kazi yao kubwa ni kuzituliza zile za kuzidi. Na wengi zinawasaidia kweli. Lakini za kupungua hazizigusi sana. Kwa hiyo familia inamwona mtu amedungwa, sauti zimekwisha, inasema amepona, halafu inamshangaa mbona haamki. Ndo hapo neno uvivu linapoingia nyumbani, na likishaingia halitoki.

Mimi mwenyewe nililitumia. Nilimwambia ndugu yangu kwa mdomo wangu huu, "we mbona unatukalia kitako tu, umepona wewe." Hakujibu. Hata kukasirika hakukasirika, na mvivu wa kweli ukimwambia hivyo atakutafutia sababu kumi na mbili, atakwambia jua kali, atakwambia kesho. Mvivu anakwepa kazi lakini mpira wa saa nne usiku atakwenda kuutazama. Huyu hata mpira aliokuwa akiupenda haendi, hata samaki wa kupaka analetewa mezani anapoa.

Kuna mfano mmoja ulinisaidia mimi, nao ni wa boti. Ile mashini ya kuvuta kamba. Mashini nzima, petroli imo, maji yamejaa, lakini plagi imechafuka. Mwenzio anavuta kamba mara moja inaitika, wewe unavuta mara kumi inakohoa inazima. Mtu aliye ufukoni anaona umesimama tu, anasema huyu hataki safari. Na ukifanikiwa ikashika, boti inakwenda kama boti nyingine yoyote.

Hicho kipande cha mwisho si maneno yangu ya kujifariji. Watafiti wamewapima watu wenye skizofrenia, wakawapa vitu vya kufurahisha wakawauliza hapo hapo wanajisikiaje, wakakuta kwamba utamu wa kitu kikiwa mkononi wanauhisi karibu sawa na watu wengine. Kinachopungua ni utamu wa kukitazamia. Wewe ukiambiwa kesho kuna pilau kwa shangazi, mate yanakutoka leo, na ndo mate hayo yanayokutoa nyumbani. Kwa huyu hayatoki. Akifika kwa shangazi akaila ataifurahia vizuri tu, shida ni kwamba hakuna kitu kilichomvuta afike. Kisha juu yake kuna ile hesabu ambayo sote tunaifanya bila kujijua, ya taabu na faida. Wengi wetu tukiona malipo ni mazuri na yana uhakika tunaongeza nguvu, wao kwenye majaribio hawaongezi kama wengine, kama kwamba mizani ya ndani inauona mzigo mkubwa na malipo inayaona madogo. Yote hii inahusiana na kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, ambayo pamoja na mambo mengine ndo inayokuambia kitu hiki kinafaa kufuatwa. Tusiingie ndani zaidi, maji ni ya kina.

Kuna na jambo la tatu ambalo mimi ndo linaniuma zaidi, la imani ya kushindwa. Fikiria umeugua ukiwa na miaka 19, ukaacha shule, ukajaribu duka ukashindwa, ukajaribu kuvua ukatolewa botini kwa sababu ulisahau kufunga kamba, na kila mara watu wanacheka. Baada ya miaka kumi moyo unajitungia sheria yake: nikijaribu nitaharibu, kwa hiyo afadhali nisijaribu. Aaron Beck, yule daktari wa Marekani aliyefariki 2021 akiwa na miaka 100, yeye na wenzake waliifuatilia sana hii sheria ya moyoni wakaona ina mkono katika kumlaza mtu.

Kabla hatujafika kwenye kikundi, tafadhalini, jambo moja la kuulizia kliniki mwanzo kabisa. Si kila kulala ni dalili ya kupungua. Dozi ikiwa kubwa mtu analegea, anatetemeka, anakuwa mgumu kama mti, uso unakakamaa, na watu wanasema hana ari kumbe ni dawa inataka kurekebishwa. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni, nayo inafanana. Na kuna mtu amefungiwa chumba cha ndani miezi minane kwa sababu familia inaona haya, huyo hamu ataitoa wapi? Ari ya mtu yeyote ingekufa humo. Usipunguze dawa mwenyewe, nimeona mwisho wake na si mzuri, ila muulize daktari waziwazi, je inaweza ikawa ni dawa?

Haya, kikundi.

Kwa kawaida ni watu kama sita mpaka kumi, wasimamizi wawili wakipatikana, siku ile ile, saa ile ile, chumba kile kile, kwa muda wa saa moja hivi au zaidi kidogo na pumziko katikati. Utaratibu unafanana kila wiki, na hii makusudi, kwa sababu kichwa kinachosahau kinapenda njia iliyozoeleka. Hakuna anayelala kochi kueleza utoto wake. Hakuna anayelazimishwa kusema. Na si mahali pa mawaidha, hii niliishangaa, nilidhani watapewa hotuba ya jikazeni vijana. Mtu mwenye plagi chafu ukimpigia hotuba ya umuhimu wa safari utakuwa umemchosha bure.

Siku ya kwanza niliyokaa pembeni, muuguzi alianza na swali la kitoto kabisa, jana ulikula nini kilichokuwa kitamu. Kimya. Kimya kirefu, mimi nilikuwa nataka kujibu kwa niaba yao. Yeye hakuhangaika. Mmoja akasema chai. Akaulizwa chai ya nini, ya tangawizi au ya iliki, ilikuwa moto, uliinywea wapi, nani alikuwepo. Ikachukua dakika tano chai moja. Nikafikiri huyu muuguzi ana wakati wa kupoteza, kumbe lile ndo zoezi lenyewe: mtu anafundishwa kulirudia jambo tamu na kulikalia, ili kesho akilini mwake liwe na ladha kidogo kabla hajalifikia. Yale mate niliyokwambia.

Kisha kila mtu anakuwa na lengo lake, na lengo hatungiwi. Mimi nilitaka ndugu yangu awe anaoga. Mama mkubwa alitaka aswali msikitini. Yeye alipoulizwa unataka nini wewe, ilichukua wiki nne, wallahi wiki nne za "sijui", ndo akasema nataka kurudi baharini. Basi likaandikwa hilo, bahari. Kuoga hakukuandikwa popote. (Baadaye alianza kuoga mwenyewe, maana mabaharia nao wana pua zao, lakini hilo ni jambo jingine.)

Lengo likishapatikana linakatwakatwa mpaka liwe dogo la kuchekesha. Hatua ya kwanza haikuwa kupanda boti. Ilikuwa kukaa kwenye ukuta wa gati dakika kumi. Na haisemwi "wiki hii jitahidi uende gatini", inasemwa lini, wapi, baada ya nini. Hapa mji wetu umetusaidia sana kwa sababu saa tunayo hewani mara tano kwa siku. Nikitoka kuswali alasiri, kabla sijarudi nyumbani, napita gatini. Adhana inafanya kazi ya kamba ya mashini, yeye hahitaji kungoja hamu imjie. Hilo ndo wanalolirudia kila wiki, kwamba kwa ugonjwa huu hamu ukiingoja haiji, inakuja nyuma ya kitendo, tena inakuja ikiwa imechelewa.

Na kuna karatasi. Kabla hujatoka unaandika unadhani utafurahi kiasi gani, kutoka sifuri mpaka kumi. Ukirudi unaandika ulifurahi kiasi gani. Ndugu yangu wiki ya kwanza aliandika 2, aliporudi akaandika 6, kwa sababu alimkuta mzee mmoja wanajuana akampa kashata. Wiki ya pili 2 na 5. Wiki ya tatu hakwenda kabisa. Jumatano hiyo nilijua atafokewa au atahurumiwa, vyote viwili navichukia, muuguzi akauliza tu nini kilikwama, akasema mvua, kikundi kikakaa kumtafutia mpango wa siku ya mvua. Zikikusanyika karatasi nane tisa mtu anajionea mwenyewe kwa mwandiko wake kwamba kichwa chake kinamdanganya kila mara upande ule ule, kinasema 2 na inakuwa 5. Hilo huwezi kumshawishi kwa mdomo, lazima ajihesabie.

Ile imani ya kushindwa nayo inajaribiwa hivyo hivyo, kwa vitendo vidogo. Kuna siku walileta keram. Kila mtu kabla ya kucheza anataja ataingiza kete ngapi. Kijana mmoja, mtu mzima wa miaka 30 na kitu, akasema sifuri. Kaingiza nne. Hakupigiwa makofi, msimamizi aliandika ubaoni tu, ulisema 0 umepata 4, kisha akamuuliza kuna mahali pengine ulijiambia sifuri hujaenda kuhesabu? Yule kijana akacheka. Akasema kushona kofia. Alikuwa mshonaji zamani, kofia zile za kwetu za mkono, aliacha alipougua.

Sasa mtu atauliza, haya yote si muuguzi angeyafanya na mtu mmoja mmoja? Angeyafanya, na kwingine hufanywa hivyo. Lakini kikundi kina vitu ambavyo muuguzi peke yake hana. Kwanza ni uchache wa hao wauguzi wenyewe, huku kwetu unajua, mmoja akikaa na wanane ni bora kuliko wanane wangoje miezi. Halafu kuna maneno ambayo ukiambiwa na mzima wa afya hayaingii. Mimi nikimwambia "hata mimi asubuhi kuamka huwa tabu" ananitazama tu. Akiambiwa na mwenzie aliyesikia sauti miaka sita kwamba "mimi huweka miguu chini kwanza, kufikiri baadaye", hilo anakwenda nalo nyumbani. Na kuna ile ya Jumatano wataniuliza, ambayo si vitisho, ni kule kujua kuna watu saba wanaokumbuka kwamba ulisema utapita gatini. Mtu wa skizofrenia miaka inapita hakuna anayemngojea popote.

Na kubwa kuliko zote kwa ndugu yangu ilikuwa birika. Mwezi wa pili akapewa kazi ya kuleta kahawa ya kikundi. Asipokwenda, watu hawanywi. Sijui nieleze vipi, mtu aliyekuwa anapokea tu miaka yote, chakula anapokea, dawa anapokea, matusi anapokea, mara anakuwa mtu ambaye akikosekana pengo linaonekana. Kuna Jumatano alikuwa na mafua akakataa kubaki nyumbani, ati kahawa.

Turudi kwenye majibu ya grupu, maana sikuyasahau.

"Wataambukizana wazimu." Skizofrenia haiambukizi, inatokana na mchanganyiko wa urithi na mambo ya maisha. Tena wanaopelekwa kikundini ni waliokwisha tulia, mtu ambaye bado yumo ndani ya kimbunga, hali chakula, halali usingizi, anaamini muuguzi anataka kumuua, huyo atatulizwa kwanza.

"Mwozesheni." Hapa nitasema kwa ukali kidogo mnisamehe. Ndoa si dawa, na binti wa watu si sindano. Wapo wenye skizofrenia waliooa na kuolewa na wanaishi vizuri, kwa kuwa walitaka na mwenzao alielezwa ukweli. Kumfungia mtu asiyeweza kupanga siku yake mke wa kumpangia, bila huyo mke kujua, ni kuhamisha mzigo kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wa mwingine.

"Ana jini." Mimi ni Muislamu, siwezi kukaa hapa nikakana majini, na kusomewa Kurani kunampa mtu utulivu, ndugu yangu husomewa na anapenda. Ninalosema ni kwamba kisomo hakijawahi kumkataza mtu sindano, na anayekuambia uache dawa kwanza ndo asome, muogope huyo. Kikundini kwetu kuna ambao hutoka kwa ustadhi asubuhi wakaja kliniki mchana, hakuna aliyewauliza.

"Watatupiga." Wengi wao hawamgusi mtu, na uwezekano wa kufanyiwa ubaya, kupigwa, kuibiwa, kutumiwa vibaya, kwao ni mkubwa kuliko wao kukufanyia wewe. Waulizeni wale watoto wanaowatupia mawe.

Bangi sikuiona kwenye grupu lakini naitia. Kuna watu wanawapa wagonjwa bangi au mirungi ati wachangamke. Bangi, hasa ukiianza mdogo, inaongeza uwezekano wa ugonjwa huu na inazirudisha zile sauti. Mirungi inachangamsha ile saa mbili kisha inanyima usingizi, na usingizi ukipotea kwa mtu huyu jihesabie siku.

Je, kinafanya kazi? Nitakwambia kama nilivyosoma, bila kupaka rangi. Beck na wenzake walichapisha mwaka 2012 jaribio la watu 60 waliokuwa wamelala kabisa kwa ugonjwa, wakapewa tiba ya mazungumzo ya mtu mmoja mmoja, yenye mawazo haya haya ya malengo na ile sheria ya kushindwa, miezi 18. Walioipata walijimudu zaidi na ari yao ikapanda kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida peke yake. Uswisi wakatengeneza programu ya kikundi ya vikao 8 vya kukuza furaha ya kutazamia, wakaijaribu kwa watu 80, matokeo yakachapishwa 2019, nayo ilionyesha nafuu. Nafuu, sikusema muujiza. Kwa ujumla tiba hizi zina matokeo ya kadri, wengine hawasogei, wengine wanasogea kisha kikundi kikiisha wanarudi nyuma. Na hakuna kinachokwenda bila dawa kuwa sawa. Ukimwona mtu anauza tiba ya kikundi kama mbadala wa dawa, ondoka.

Tena nyumbani kunaweza kukabomoa kilichojengwa kikundini. Tangu miaka ya 1960 na 1970 watafiti wa Uingereza walikwisha ona kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya makelele na kusemwa semwa huugua upya haraka kuliko wa nyumba tulivu. Na kuna kinyume chake ambacho sisi wa pwani ndo mabingwa, huruma ya kuzidi. Mama anamfulia, anamkatia nyama, anamjibia salamu. Mama mkubwa ilibidi aambiwe na muuguzi kwa upole, mwanao akichukua dakika arobaini kufunga birika, we kaa, tazama baharini. Ilikuwa vigumu kwake kuliko kwa mwanawe.

Kuhusu kulazimisha, yule mama aliniuliza pembeni kama amburure kijana kwa nguvu. Hapana. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ilivyorekebishwa mwaka 2022 inampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake, na hata bila sheria, ari huwezi kumpa mtu kwa kumburura. Mwambie aende akakae mara moja tu, asiseme kitu, akichoka atoke. Nenda naye mpaka mlangoni. Wengi hukaa vikao vitatu vinne kama mawe kabla hawajasema hata jina. Na kama ulipo hakuna kikundi, uliza kitengo cha afya ya akili cha hospitali yako lini kitaanza, na wakati unangoja, ile karatasi ya sifuri mpaka kumi haihitaji hospitali, hatua ndogo iliyofungwa kwenye adhana nayo haihitaji. Ila unaifanya naye, humsimamii.

Na lile swali la wakae pamoja waongee nini, nalijua jibu lake maana Jumatano iliyopita nilikuwepo. Nusu saa nzima walibishana mahamri ya nani hapa mjini yana iliki zaidi. Ndugu yangu, aliyekuwa hajibu salamu, ndo alibisha kuliko wote, akasema nyinyi hamjala mahamri nyinyi. Muuguzi akaandika ubaoni kwamba Jumatano ijayo yaletwe ya mama watatu tofauti yaonjwe bila kutajwa mpishi, na yeye ndo kapewa pesa akanunue. Leo Jumatatu, keshaniuliza mara mbili kama nina mifuko mitatu inayofanana.